Nyumba za tegesha Nyamongo: nani analala ndani fidia isipokuja?

Ukisafiri kwa barabara ya Tarime kwenda Mugumu, ukifika maeneo ya Nyamongo utaziona. Nyumba zimebanana kwenye kiwanja kidogo, kuta hazina lipu, na madirisha yamewekwa popote. Moja linatazama ukuta wa jirani, jingine limezibwa kwa kipande cha bati. Vyumba vingine havina dirisha kabisa. Wenyeji wanaziita tegesha, kama mtu anavyotegesha mtego akasubiri.

Kinachosubiriwa ni fidia. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu wakati huo vijiji kama Kewanja, Kerende na Nyangoto vimeishi na swali moja: mgodi ukipanuka, ardhi ya nani itachukuliwa, na atalipwa nini?

Kwa nini nyumba, na si shamba tu?

Wapo wanaotegesha hata mazao na miti. Lakini nyumba ina uzito wake katika hesabu. Kwa mujibu wa kanuni za fidia za mwaka 2001, anayeondolewa kwenye ardhi yake analipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko. Juu ya hapo kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya makazi. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba hiyo kwa mwezi, mara miezi 36.

Hapo ndipo fundi anapoambiwa aongeze vyumba haraka. Dirisha linahitaji lenta, fremu, nondo na wavu, na vyote hivyo ni pesa. Anayejenga kwa ajili ya siku moja ya mthamini haoni sababu ya kununua hewa na mwanga.

Nani anaumia?

Wa kwanza ni mtegeshaji mwenyewe. Mpaka wa mradi ukipita pembeni, au tathmini ikikataa nyumba zilizojengwa baada ya katazo, pesa yake imekwama kwenye kuta ambazo hakuna anayezitaka.

Wa pili ni mwenyeji aliyezaliwa pale. Nyumba yake ya kweli inatazamwa kwa jicho lile lile la mashaka, na mabishano ya nani anastahili yanachelewesha malipo yake. Wakati huo ameambiwa asiendeleze, kwa hiyo bati linavuja na dirisha lililovunjika linabaki hivyo hivyo. Tusiwalaumu wananchi peke yao: malipo yanapochelewa na mipaka isipotangazwa mapema, mwanya wa kutegesha unakua. Kanuni zenyewe zinataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu ardhi kutwaliwa, la sivyo inaongezwa riba.

Wa tatu ni anayekuja kulala humo. Nyumba ambayo haikulipwa haiondoki, na chumba cha bei nafuu hakikosi mpangaji. Chumba kisichopitisha hewa ni rafiki wa kifua kikuu, na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe tayari wako hatarini. Mama akiwasha jiko la mkaa ndani mlango ukiwa umefungwa, hewa yenye sumu inaweza kuua familia usiku mmoja.

Kama unajenga ili uishi

Iwe Tarime au Serengeti, huhitaji pesa nyingi ili upange madirisha vizuri. Kila chumba kiwe nalo, na inapowezekana yawe mawili kwenye kuta tofauti ili hewa iingie huku na kutokea kule. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita juu yetu kutoka mashariki kwenda magharibi. Dirisha la upande wa kaskazini au kusini halichomwi na jua la jioni. Acha nafasi kati yako na ukuta wa jirani, weka wavu wa mbu, na ziba uwazi kati ya ukuta na paa, maana mbu wengi hupita hapo.

Na kabla ya kununua kiwanja karibu na mgodi au barabara, nenda ofisi ya kijiji uulize kama eneo limewekewa katazo. Kauli ya dalali kwamba fidia inakuja haimlipi mtu. Fidia isipokuja, watakaolala ndani ya nyumba hiyo ni watoto wako.