Mkandaji Naye Ni Mfanya Kazi



Mwenzetu mmoja wa kazi ya kuunganisha mabehewa alivunjika mguu. Plasta ilipoondolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti lilikataa kukunjika na paja lilikuwa limenywea. Mtu wa reli asiyeweza kupanda ngazi ya behewa hana kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpima na kupanga mazoezi. Lakini aliyesimama naye kila asubuhi kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akihesabu moja, mbili, tatu, pumzika, alikuwa kijana msaidizi. Leo mwenzetu yuko kazini.

Nilipokwenda kumtazama mgonjwa wetu nilizungumza na kijana huyo. Alikuwa na wiki ya tatu tangu aanze. Watu wa wodi walimwita mkandaji. Wiki iliyotangulia aliambiwa amtoe mgonjwa mzito kitandani, amtie katika kiti cha magurudumu, peke yake, kwa kuwa watu walikuwa wachache. Mgongo ukamshika. Akaambiwa aende nyumbani apumzike, na siku hizo hakulipwa. Barua ya kazi hakuwa nayo.

Ndugu, jambo hili latuhusu. Wengi wetu tuna watoto wanaotafuta kazi hospitalini, na sisi wenyewe siku moja tutaanguka mikononi mwao. Kwa hiyo yafaa tuwaambie wanaoanza mambo machache.

Kwanza, jua mpaka wa kazi yako. Hapa Kenya, tangu sheria ya mwaka 2014, mtaalamu wa fiziotherapia huandikishwa na Baraza la kazi yake. Yeye ndiye apimaye na kuamua. Msaidizi hutenda alivyoagizwa, hutazama, kisha huleta habari: huyu ametoka jasho jembamba, yule leo amekunja goti zaidi ya jana. Hapana aibu kusema, "Hili sijafundishwa." Hata katika reli, hakuna anayekabidhiwa injini siku ya kwanza.

Pili, mambo madogo ndiyo hulinda mgonjwa. Funga breki za kiti kabla hajasimama; behewa lisilofungwa breki twajua huishia wapi. Aliyepooza upande mmoja usimvute kwa mkono ule mlegevu, maana bega hutoka mahali pake. Kitambaa cha moto kifunge kwa taulo, na umwulize mgonjwa kama asikia joto. Asiyesikia huungua kimya. Na mwenye magongo mfundishe hivi: kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na magongo.

Tatu, usinyanyue mtu mzito peke yako. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Ita mwenzako, tumia mkanda wa kiunoni ikiwa upo, mwambie mgonjwa utakalofanya, na mwache afanye mwenyewe sehemu anayoiweza. Wakikosekana watu, mwambie mkubwa wako kwamba kazi hii yataka wawili. Mgonjwa akianguka mtaumia wote, na mgongo wako hauna spea katika stoo.

Nne, daini haki yako kwa adabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Kibarua naye, siku zake za mfululizo zikifika mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ukiumia kazini, sema siku ile ile, iandikwe. Sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka huo huo wa 2007 yamwagiza mwajiri apeleke habari za ajali serikalini ndani ya siku 7 tangu alipojulishwa. Maumivu yaliyofichwa mwezi mzima ni vigumu kuyathibitisha.

Tano, ingia katika chama cha kazi yako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki hiyo. Kijana yule angekwenda kwa mkubwa wake pamoja na mjumbe wa chama, asingerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Sisi nasi tuna deni. Tukiwa wagonjwa, tusimwamrishe msaidizi kama mtumishi wa nyumbani, wala tusimlaumu kwa sababu zoezi linauma. Tumwambie kweli mahali panapouma, na mazoezi aliyotupa tuyafanye nyumbani pia. Goti halirudi kwa dakika chache za hospitalini peke yake.

Mwenye mtoto au ndugu aliyeanza kazi hii, asiitupe karatasi hii. Ampelekee aisome kabla hajamnyanyua mgonjwa wa kesho.