Mwenye mawazo apelekwe wapi?

Mtu akikonda bila homa, akakosa usingizi, akaacha hata kupika, kwetu husemwa ana mawazo. Kila mtu huelewa, lakini neno hilo halimfikishi mgonjwa popote. Huambiwa ajikaze, au huanza kuzunguka kwa waganga na wauza mitishamba, kila mmoja na maelezo yake na bei yake. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na ni kwao ndiko tiba moja mbadala ya majonzi ilikopimwa kwa makini. Nashikilia kwamba tiba ya nje ya hospitali isipokewe kwa kuwa ni ya asili, wala isidharauliwe kwa kuwa anayeitoa hana koti jeupe. Ipimwe, na ikifaulu ipewe nafasi katika zahanati zetu.

Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, mwaka mmoja baada ya serikali kubomoa makazi ya watu wengi mijini. Chombo chao kilikuwa benchi la mbao uani mwa zahanati. Mgonjwa hujibu maswali 14, likiwemo la iwapo amekuwa akiwaza mno, kisha huketi na bibi. Bibi hatoi kidonge wala hirizi. Humwacha ataje yanayomsibu yote: kodi ya nyumba, mume aliyeondoka, ada ya mtoto. Halafu humtaka achague moja tu, na wawili hao wapange hatua ya kuanza nayo wiki hiyo. Kwa Kishona mwanzo huo huitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua fikra. Baada ya vikao visivyozidi sita, mgonjwa hukaribishwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi, ambako wanawake husuka mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wakizungumza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA ulihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baadhi ya zahanati zilipata benchi. Nyingine zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, pamoja na ushauri wa muuguzi na dawa kwa aliyezihitaji. Miezi sita baadaye, dalili za sonona zilionekana kwa takriban asilimia 14 ya waliopita kwa bibi, na karibu asilimia 50 ya wenzao.

Atakayesema bibi si daktari amesema kweli, na mradi wenyewe unalijua hilo: wanaosikia sauti zisizokuwepo au waliokusudia kujiua hupelekwa kwa wataalamu. Wengine watasema maongezi hayalipi kodi. Hayalipi, ila sonona humnyang'anya mtu nguvu ya kutoka kwenda kuitafuta hiyo kodi. Pingamizi ninaloliona zito ni la siri, maana mtaani kwetu neno husafiri haraka. Ndiyo maana bibi hawa hufunzwa na kusimamiwa, na mgonjwa wa huku angepaswa kuwa huru kumchagua bibi wa mtaa mwingine. Wapo pia watakaouliza kwa nini wazee wa kawaida wapimwe ilhali waganga hawajapimwa. Nao wapimwe. Anayemuuzia mfiwa chupa ya dawa ya huzuni anadaiwa ushahidi uleule.

Benchi hili limekwisha kufika Zanzibar, ambako vibaraza vya mawe mbele ya nyumba vimewakalisha watu kwa mazungumzo vizazi na vizazi. Tanzania na Kenya zina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozijua kaya zao kwa majina. Mbao na misumari si gharama ya kuitisha kikao cha bajeti. Gharama ni mafunzo, usimamizi na posho ya bibi. Wizara za afya zitenge fungu hilo, zianze na wilaya chache, na matokeo yatangazwe hadharani hata yakiwa mabaya.