USIACHE MBACHAO

Zamani mkanda wa kamera ulikuwa na picha 24 au 36 tu, kwa hivyo mtu alifikiri kabla ya kufyatua. Kisha fundi wa picha zisizo za rangi alijifungia kwenye chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, alitumbukiza karatasi ndani ya dawa, na sura ikajitokeza polepole.

Hata Kodak, waliotengeneza mikanda hiyo, walielemewa na madeni mwaka 2012. Lakini picha za babu na nyanya zetu hapa Mata zingali kwenye albamu. Zetu je? Simu ikiibwa ama ikitumbukia Ziwa Jipe, basi, kwaheri!

Maoni yangu: kila mwaka chama chetu kichague picha 36, kizichapishe, kiziweke maktaba. Mwasemaje, wenzangu?