Maji ni ya Meru, Mafaili ni ya Nani?

Wapo wasomi na watumishi wa umma wanaodhani kuwa muundo wa faili ni jambo la mafundi wa kompyuta. Napingana nao, na hoja yangu naianzia kwenye maji ya Mlima Meru.

Miamba ya volkano ya mlima huu ina sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Kalsiamu ndiyo huikamata floraidi na kuituamisha. Ikipungua, floraidi hubaki majini. Ndiyo maana kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki wako watu wenye meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huko hukipita.

Ili kukadiria floraidi itatuama kiasi gani na kwa kasi gani, twatumia programu kama PHREEQC, itolewayo bure na Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani. Takwimu zake za thamodinamiki zimo katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulifungua na kulihoji. Lakini kanzidata hutofautiana: hii hupima nishati kwa kilojuli, ile kwa kilokalori. Kilokalori 1 ni kilojuli 4.184. Ukihamisha tarakimu bila kipimo chake, kompyuta haitalalamika. Itapokea kosa la zaidi ya mara nne, kisha itakupa jibu lenye desimali sita.

Hatari kubwa zaidi ni faili lililofungwa. Utafiti uliogharimiwa na kodi ya mkulima wa migomba, ukihifadhiwa katika muundo usomwao na programu ya kulipia pekee, hufa siku leseni inapokwisha. Watakaofuata watapima upya kilichokwishapimwa, kwa fedha ya mkulima yule yule.

Nitaambiwa kuwa takwimu zikiwa wazi zitaibwa. Zitaibwaje, ikiwa mnywa maji ndiye mwenye takwimu?

Nadai jambo moja: tasnifu au ripoti yoyote iliyogharimiwa na umma isipokelewe bila takwimu zake katika maandishi ya kawaida, zikiwa na vipimo na vyanzo vyake. Sharti hili halihitaji bajeti. Lahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Mwenye mamlaka ya kuuandika yumo miongoni mwenu mnaosoma hapa.