Leso nayo ni vazi la jadi

Muhula uliopita mjukuu wangu, aliye gredi ya pili katika shule moja hapa Mombasa, alirejea nyumbani akilia. Ilikuwa siku ya utamaduni shuleni mwao, na watoto walikuwa wameagizwa waje na mavazi ya jadi. Mamake alimfunga leso. Mwalimu alipomwona alimweka nyuma ya mstari, kwa hoja kwamba leso ni kitambaa cha dukani. Waliosimama mbele ya wageni walikuwa wamevishwa magunia yaliyopakwa madoa ya chui, na manyoya ya kuku kichwani. Usiku mtoto akaniuliza: "Babu, kwani sisi hatuna utamaduni?"

Sina nia ya kumkejeli mwalimu huyo. Nami nilifundisha miaka mingi, na niliwahi kuwafunga wanafunzi wangu katani viunoni tukaenda kwenye tamasha la muziki. Sikuwaeleza hata kidogo nani aliyevaa vile, wala kwa nini. Tulipata makofi, tukaridhika.

Lakini hoja ya dukani haisimami. Tukiifuata, itatubidi tumvue Mmaasai shuka yake nyekundu, maana hufumwa kiwandani. Hapo awali vazi lake lilikuwa ngozi. Shanga zake za kioo nazo zililetwa na meli kutoka Ulaya. Hando ya mwanamke wa Kigiriama, yenye marinda tele, hushonwa kwa kitambaa cha pamba cha dukani.

Na leso je? Jina lenyewe tulilipata kwa Wareno, waliouza vitambaa vya mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walivinunua vikiwa havijakatwa, wakaviunga sita sita kupata vazi moja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa Mombasa mwaka 1887. Kitambaa kilitoka ng'ambo, naam. Maana tuliitia wenyewe. Leso humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, hutunzwa bibi arusi, na jina lake husema lile ambalo mdomo unaona haya kulisema. Linganisha na vazi la taifa lililozinduliwa na serikali mwaka 2004 baada ya wabunifu kulihangaikia. Ni nani amelivaa sokoni?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unataka wazazi washirikishwe katika masomo. Basi mwalimu wa watoto wadogo na amwambie kila mmoja alete nguo moja ya nyumbani kwao, akishamuuliza nyanya yake: inaitwaje, huvaliwa lini, nani alikupa? Wa Turkana atakuja na shanga, wa Lamu na kofia ya vito. Kwa gharama hakuna linalozidi magunia yale na rangi zake. Isitoshe, leso ni kitabu cha kusoma: ina pindo, ina mji, ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Usiku ule nilifungua sanduku la marehemu mke wangu, nikatandaza mojawapo ya leso zake kitandani. Mtoto aliisoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata herufi: WEMA HAUOZI. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Aliambiwa nani?"

Tukakesha.