HASIRA ZA MKIZI, FURAHA YA MVUVI



Mkizi akikasirika huruka juu ya maji, na aangukapo ndani ya mtumbwi, mvuvi hushukuru. Wahenga wa pwani hawakusema hivyo kumcheka samaki. Walitaka kutuonya kwamba hasira isiyo na mpango humnufaisha yule yule inayemlenga. Basi na tuulize bila woga: je, yale tuliyoyaona Juni 2024 yalikuwa hasira ya mkizi, au yalikuwa harakati?

Tarehe 18 Juni 2024 vijana waliingia katika barabara za Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya nyongeza ya shilingi bilioni 346. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate, na wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Kufikia tarehe 25 maandamano yalikuwa yameenea nchini, Bunge likaingiliwa, na risasi zikafyatuliwa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Damu hiyo ndiyo inayotulazimu kufikiri sawasawa.

Uongo wa kwanza unaopasa kukanushwa ni kwamba wale walikuwa umati wa wahuni. Uongo huu una baba yake. Mwaka wa 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake, hugeuka kuwa kiumbe wa silika, na hufuata yeyote apigaye kelele. Watawala wa ulimwengu walilipenda fundisho hilo, kwa maana aliyepoteza akili hahitaji kujibiwa. Anahitaji kurungu tu. Lakini ni umati gani uliopoteza akili ambao kwanza husoma mswada kifungu kwa kifungu, ukautafsiri kwa lugha za nyumbani, na kuufafanulia umma? Ni wahuni gani ambao huchangiana kwa M-Pesa ili majeruhi watibiwe na wafu wazikwe kwa heshima, huku mawakili na madaktari wakijitolea bila malipo? Aliyepoteza akili ni yule aliyeyaona hayo yote na bado akaagiza vitoa machozi.

Uongo wa pili ni kwamba walikodiwa. Julai 2024 serikali ililiandikia barua shirika la Ford Foundation la Marekani, ikilihusisha na ufadhili wa maandamano. Shirika likakanusha. Na hapa pia nadharia imepotoshwa. Ni kweli kwamba mwaka wa 1977 wanasosholojia John McCarthy na Mayer Zald walifundisha kwamba dhiki peke yake haizai harakati, kwani dhiki haikosi kamwe katika jamii; panahitajika fedha, ujuzi na watu wa kuviratibu. Lakini nani alisema kwamba rasilimali hizo lazima zitoke kwa mgeni?

Aldon Morris alilijibu swali hilo mwaka wa 1984, alipochunguza harakati za Wamarekani weusi. Wengi wetu tumesimuliwa kwamba mwaka wa 1955, katika mji wa Montgomery, Rosa Parks alikuwa amechoka tu, akakataa kumpisha mzungu kiti cha basi, na taifa likaamka. Sivyo. Mama huyo alikuwa amehudumu miaka mingi kama katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi. Jumuiya ya wanawake ilichapa makaratasi kwa maelfu katika usiku mmoja. Makanisa yakawa kumbi za mikutano, sadaka zikalipia usafiri, na mgomo wa mabasi ukadumu siku 381. Rasilimali zilitoka katika mifuko ya watumishi wa nyumbani na wafagiaji. Hakuna aliyewakodi.

Sasa nageukia uongo wa tatu, na huu unatuuma sisi wenyewe, kwa kuwa wanaousema ni marafiki. Wanatuambia kwamba kutokuwa na kiongozi, kabila wala chama ndiyo nguvu yote ya harakati hizi, na kwamba hakuna haja ya zaidi. Kuhusu kabila, twawapigia vijana makofi. Walifanya ambalo wazee wao walishindwa. Kuhusu kiongozi, twaelewa hofu yao: Julai 1990, siku chache tu kabla ya Saba Saba, Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini. Asiye na kichwa hakatwi kichwa. Lakini asiye na kiongozi si lazima awe asiye na nyumba.

Doug McAdam, aliyeandika mwaka wa 1982, anasema harakati husimama juu ya mafiga matatu: nafasi katika siasa, jumuiya za wananchi zilizojengeka, na ukombozi wa fikra, yaani watu kuamini kwamba hali yao si haki na kwamba yaweza kubadilishwa. Vijana wa 2024 walikuwa na ukombozi wa fikra tele. Nafasi waliipasua wenyewe. Figa la katikati ndilo lililokuwa jembamba, na chungu kikainama.

Tazameni yaliyofuata. Tarehe 11 Julai karibu Baraza lote la Mawaziri lilivunjwa. Kabla ya mwezi kwisha baadhi ya waliofutwa walikuwa wameteuliwa tena, na vigogo wa upinzani wameteuliwa pamoja nao. Desemba 2024 sheria mpya za ushuru zikatiwa sahihi, zikirudisha baadhi ya yaliyokataliwa. Mwezi huo huo Tume ya Haki za Binadamu ikatangaza kwamba visa vya utekaji tangu Juni vilikuwa vimefika 82. Mkizi alikuwa ameruka. Mvuvi akawa anapanga samaki wake.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka wa 1997 wananchi waliandamana kudai katiba mpya, na tarehe 7 Julai polisi wakawafuata hata ndani ya Kanisa Kuu la All Saints. Mwisho wake wabunge wakajifungia na serikali, wakakubaliana marekebisho machache, na waliopigwa marungu wakaachwa mlangoni. Katiba yenyewe ikangoja hadi 2010.

Lakini historia hiyo hiyo ina funzo la pili. Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya aliuhoji utawala wa chama kimoja mimbarini, wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu. Machi 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu, Kanisa Kuu la All Saints liliwapokea, na kwa muda wa karibu mwaka mmoja likawa makao ya madai yao. Wanao wakaachiliwa. Hilo ndilo figa la katikati!

Kanisa la leo lajibu nini? Mwaka wa 2024 vijana walilishutumu kwa kuwapa wanasiasa mimbari kwa bei ya harambee. Waliudhi, lakini walisema kweli. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru mchango wa Rais urudishwe, twampongeza. Hata hivyo, kurudisha fedha ni mwanzo tu wa toba.

Twadai basi: kila parokia na kila usharika ufungue ukumbi wake kwa vijana kujadili miswada, bila kuwatawala. Liwepo daftari la waliouawa na waliotekwa, lisomwe hadharani kila mwezi. Uwepo mfuko wa mawakili na matibabu, unaotoka katika sadaka zetu na kukaguliwa mbele ya watu wote. Na vijana nao wakubali kuchagua wajumbe wa muda, wanaoweza kuulizwa na kuondolewa.

Hasira tunayo ya kutosha. Tujenge nyumba ya kuitunza, ili mvuvi arudi pwani na mtumbwi mtupu.