Kabla ya Kumgombania Binti, Tumuulize Yuko Kidato cha Ngapi



Huku kwetu Kiriba michezo ya shule za sekondari ikishapita, kuna mjadala mmoja hauishi. Utausikia kwenye vibanda vya kushona, utausikia kwa akina mama wanaoanika dagaa, utausikia ndani ya hiace ya kwenda Musoma mjini. Bunda Queens wamchukue nani?

Kwa msiowafahamu, Bunda Queens ni timu ya wanawake ya mkoa wetu wa Mara, na imecheza Ligi Kuu ya Wanawake, pamoja na Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuiona timu ndogo. Sisi tunaiona timu yetu. Wasichana wake wanatoka kwenye nyumba kama zetu, na mama zao ni wateja wetu.

Basi mjadala ukianza, kila mtu ni kocha. Mmoja anamtaka yule winga wa mguu wa kushoto anayecheza peku mchangani kule mwaloni, mwembamba lakini ukimkabili peke yako umekwisha. Mwingine anasema hapana, Bunda wanahitaji kipa, na kipa ni yule mrefu wa shule ya jirani anayedaka mpira kwa mkono mmoja kama anapokea kanga dukani. Wa tatu anataka beki. Anaulizwa, nani alishawahi kulipa kiingilio kwenda kumwangalia beki? Hapo kicheko, na kazi inasimama.

Kwa maoni yetu, kama mnatuuliza, timu isiyo na hela ianze na kipa na beki wa kati. Washambuliaji wazuri hata ukiwapata, timu kubwa zitakuja kuwachukua kabla hujawafaidi. Kipa mzuri anakaa nawe misimu mitatu minne na anakuokolea pointi bila kelele. Lakini mashabiki tunapenda mabao, hilo haliwezi kubadilika leo.

Tatizo letu na mjadala huu liko mahali pengine. Sisi tunaoandika haya ni mafundi cherehani. Tulisoma sekondari, tukajifunza ushonaji, tukafungua biashara. Jezi na bukta za shule zinapita mikononi mwetu kila mwaka, maana yake wasichana hawa tunawapima kiuno na mabega sisi wenyewe. Ukimpima binti unaongea naye. Na jambo linalotushangaza ni kwamba katika mabishano yote ya winga na kipa, hakuna anayetaja kwamba yule winga yuko kidato cha pili. Tunamgombania kama kitambaa cha mwisho kwenye jora, na yeye bado ana deni la miaka miwili darasani.

Tusifichane, soka la wasichana limefungua milango. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Walianza kwa kufungwa na Japani 4-0, tukasema basi, tumekwenda kutembea. Wakawafunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Canada. Wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0. Ufaransa, dada zetu! Wapo wanaume wa mkoa huu waliokuwa wakisema mpira wa wanawake ni mchezo wa kuchekesha, na siku ile walikaa kimya mbele ya redio.

Yupo pia Aisha Masaka. Alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Jina lake sasa linatajwa na akina baba wanaowapeleka binti zao mazoezini, na sisi tunalifurahia. Ila kwa kila Aisha mmoja kuna wasichana wengi ambao mpira uliwaishia njiani, kwa goti, kwa mimba, au kwa timu yenyewe kuishiwa nauli. Hao hatuwataji.

Na habari ya timu kuishiwa nauli hatuhadithiwi sisi watu wa Mara. Biashara United yetu ya Musoma ilimaliza nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 mchezo wa kwanza. Halafu safari ya kwenda Libya kwa marudiano ikashindikana, ikatolewa bila kupigwa mpira. Msimu huohuo wa 2021/22 ikashuka daraja. Ile ilikuwa timu ya wanaume, yenye mashabiki tele. Timu ya wasichana ikitikisika hivyo, aliyeacha shule kidato cha pili atarudi na nini nyumbani? Jezi?

Kuna wanaotujibu kwamba huko Marekani wachezaji huchaguliwa na timu kutoka masomoni, na mambo yanakwenda. Ni kweli, lakini tuitazame habari yote. Kule utaratibu ulikuwa kwamba timu zinapanga foleni, kwa kawaida iliyofanya vibaya ndiyo inaanza kuchagua, na mchezaji anasikia jina lake likisomwa pamoja na mji anaokwenda kuishi. Hao waliokuwa wakichaguliwa wengi wao walikuwa watu wazima waliotoka chuo kikuu, siyo watoto wa kidato cha pili. Na hata hivyo, wanawake wenyewe waliukataa. Agosti 2024 ligi yao kubwa ya wanawake, NWSL, na chama cha wachezaji walikubaliana kuufuta utaratibu huo, ili mchezaji achague mwenyewe timu ya kuzungumza nayo. Ikiwa mwanamke mwenye shahada alisema hataki kugawiwa bila kuulizwa, binti wa miaka 15 wa Majita tunamgawaje sisi hapa kibandani kwa Bunda, kwa Simba, kwa Yanga, na hatujui hata kama yeye anataka kuwa muuguzi?

Mfano tunaoupenda uko hapahapa nchini. Fountain Gate ya Dodoma na Alliance ya Mwanza ni shule zenye timu. Msichana analala shule, anasoma shule, anacheza shule. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakachukua ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola 300,000. Daftari halikuwazuia kushinda. Najua mtasema ada ya shule kama hizo si ya mvuvi wala mkulima wa mihogo, na mtakuwa mmesema kweli. Lakini timu ambayo haina shule yake inaweza kuzungumza na shule iliyo karibu na kambi, binti akahamishiwa hapo, akapewa sare na daftari, akafanya mazoezi jioni. Sare tutashona sisi.

Jambo la pili ni mkataba. Wazazi wengi wa huku wakisikia "mkataba" wanasikia heshima, wanatia sahihi au dole gumba. Tunamfahamu binti mmoja wa ukanda huu aliyechukuliwa na timu fulani kwa maneno matamu, baba yake akapewa elfu kadhaa za kushikia. Miezi minne baadaye posho hazionekani, na akitaka kuondoka anaambiwa amefungwa na karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, nakala moja, nayo iko kwa kiongozi.

Yapo mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua hata kama hajasoma sana. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Akiletewa wa miaka mitano, hapo pana ujanja. Na tangu Januari 2021 FIFA imeweka kanuni ya uzazi: mchezaji wa kulipwa akipata ujauzito ana haki ya likizo isiyopungua wiki 14, nane kati ya hizo baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Timu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Hatuandiki haya kumhimiza mtoto wa shule apate mimba, msije mkatuelewa vibaya. Tunayaandika kwa sababu mabinti wengi wanadhani mimba ikiingia basi mpira na haki vyote vimekwisha, na wapo viongozi wanaofaidika na kutojua huko.

Halafu kambi. Hapa tusizunguke. Nani analala na mabinti kambini? Kuna mama wa kuwalea, au ni makocha wanaume na dereva? Chumba kinafungwa kwa ndani? Anayekuja kumtaka binti yako akikasirika kwa maswali haya, jibu umeshalipata. Sisi wanawake ndio tunaoweza kuuliza bila haya, kwa sababu akina baba wakifika hapo wanakohoa na kuangalia pembeni.

Na tunajua baadhi yenu, hasa wa visiwani, mtauliza habari ya stara. Ni swali zuri, na majibu yapo. Tangu mwaka 2014 sheria za mpira zinaruhusu kujifunika kichwa uwanjani. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza na hijabu yake, dunia ikamwona. Kwa upande wa cherehani, sheria inataka kinachovaliwa chini ya jezi kifanane rangi na mikono ya jezi, na suruali ya kubana ifanane rangi na bukta. Ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kitambaa kinachovutika. Mzazi asimnyime binti mpira kwa sababu ya nguo.

Huku kwetu swali kubwa zaidi ni Jumamosi. Majita ina Wasabato wengi, na ratiba ya ligi haiulizi dini ya mtu. Tumeona nyumba zikigombana, binti analia, mama yuko katikati. Hatuna jibu la kumpa kila mtu. Tunachosema ni kwamba jambo hilo lizungumzwe mezani kabla ya sahihi, kocha akiwepo. Kocha mwenye busara anaweza kusema nitamtumia siku nyingine, au akasema wazi kwamba haitawezekana. Kuliko binti aanze kudanganya pande zote mbili.

Wapo watakaosema tunawabania wasichana, kwamba bahati haigongi mara mbili, kwamba JKT Queens ni timu ya jeshi na mzazi akisikia jeshi anasikia ajira, sasa unamwambia asubiri cheti? Tunawaelewa. Umaskini hausubiri, na mama mwenye watoto sita na mtumbwi wa kukodi hawezi kuhubiriwa na mafundi cherehani. Lakini kiwango cha mtoto wa miaka 15 hakiozi kama samaki. Anayecheza vizuri kidato cha pili, akilishwa na akifundishwa, kidato cha nne atacheza vizuri zaidi, tena magoti yake yatakuwa yamekomaa. Kipa ndiye kabisa, ubora wake unakuja na umri.

Kwa hiyo mwaka huu, mjadala ulipoanza tena hapa kibandani, tuliweka sharti letu. Anayetaja jina la binti ataje na kidato chake. Mara ya kwanza vijana walituona tunaleta ushangazi. Sasa wamezoea, na majina yenyewe yamejipanga upya. Yule winga wa mguu wa kushoto ana miaka miwili ya kusubiri, na mwalimu wake wa michezo ameombwa asimruhusu mtu amchukue mazoezini bila mama yake kujua. Yule kipa mrefu yuko kidato cha nne. Huyo tunasema Bunda Queens wamfuate, tena mapema, kabla wa Mwanza hawajamwona. Mtihani wa taifa unafanyika Novemba. Dirisha dogo la usajili linafunguliwa baada ya hapo. Waje na mkataba wa Kiswahili, nakala mbili, na waje mchana.